Mshahara wa Ujerumani: Kinachofika Mfukoni na Kinachobaki Njiani

Mwezi uliopita binamu yangu aliye Ujerumani aliweka picha ya hati yake ya mshahara (payslip, kama tunavyoiita wote) kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Hakuiweka kwa kujigamba. Mjomba alikuwa amemuuliza kwa mara ya tatu mbona mchango wake wa harusi umekuwa mdogo hivyo, na binti wa watu akachoka kueleza.

Juu ya hati ile kulikuwa na euro 2,737. Mjomba akatoa kikokotoo, akazidisha mara 150, akatuandikia kwa herufi kubwa: SHILINGI 410,000! Na hatujaona hata mabati!

Binamu akajibu kwa sentensi moja: "Mjomba, hiyo ya juu si yangu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimpigia simu usiku akitoka zamu, tunapitia ile karatasi mstari kwa mstari. Nilitaka kuielewa kwa sababu wateja wetu wengi wako mahali fulani kwenye safari hiyo: kuna anayesaka nafasi, kuna aliyeombwa pesa na ajenti jana jioni, na kuna anayesubiri meseji ya pesa kutoka kwa mtoto aliye huko. Tukianza na hati ya mshahara, mengine yanaeleweka.

Wajerumani wana maneno mawili ambayo utayakuta kwenye kila mkataba wa kazi: Brutto na Netto. Brutto ni mshahara kabla ya makato. Netto ndiyo inayoingia kwenye akaunti. Kwa binamu yangu, ambaye hajaolewa na hana mtoto, Netto ilikuwa karibu euro 1,890. Zaidi ya euro 800 zilikuwa zimeondoka kabla hajaziona.

Zilienda wapi? Pensheni huchukua asilimia 18.6 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakigawana nusu kwa nusu. Kuna bima ya ukosefu wa kazi, asilimia 2.6, nayo wanagawana. Kuna bima ya afya, kuna bima ya kutunzwa uzeeni (asiye na mtoto hutozwa zaidi kidogo), kisha kodi ya mapato. Wewe unayelalamika kuhusu SHA na Ushuru wa Nyumba, vuta kiti.

Halafu kuna kato moja lililomshangaza hata yeye. Siku ya kujiandikisha kwenye ofisi ya mji aliulizwa dini yake, akaandika Katoliki kwa moyo mweupe. Ujerumani, ukijiandikisha kuwa Mkatoliki au muumini wa kanisa la Kiprotestanti linalotambuliwa, unakatwa kodi ya kanisa moja kwa moja kwenye mshahara: asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato, kulingana na jimbo. Kwake ni kama euro 20 kila mwezi. Anasema angalau sadaka ya Jumapili sasa anatoa bila presha.

Kutoka kwa ile 1,890, chumba na joto lake ni euro 600, kwani anaishi karibu na Stuttgart ambako nyumba ni ghali. Tiketi ya usafiri ya mwezi, ile inayotumika kwenye mabasi na treni za kawaida nchi nzima, ni euro 63 tangu Januari 2026. Chakula anajikaza kwa 280. Simu, ada ya redio na televisheni ambayo kila nyumba hulipa, na vitu vidogo vidogo, kama 60. Mkopo wa SACCO aliochukua kumlipa ajenti, 200. Kinachobaki ni chini ya euro 700, na hapo hajanunua viatu vya baridi wala hajatuma chochote nyumbani. Kwa muda wote huo amekuwa akituma euro 300 kila mwezi.

Sasa jambo lililonifanya niandike makala haya: binamu yangu ni muuguzi. Ana diploma, ana leseni, alifanya kazi wodini hapa Kenya miaka minne. Lakini kwenye ile hati ya mshahara, mahali pa cheo, ameandikwa msaidizi.

Ujerumani ina kima cha chini cha mshahara kwa kila mtu. Kilianza Januari 2015 kwa euro 8.50 kwa saa, na tangu Januari 2026 ni euro 13.90. Hakiangalii ulizaliwa wapi. Sekta ya kutunza wazee na wagonjwa ina viwango vyake vilivyo juu zaidi: tangu Julai 2025, msaidizi asiye na cheti kinachotambuliwa anapaswa kulipwa angalau euro 16.10 kwa saa, na muuguzi kamili euro 20.50. Chukua saa 170 kwa mwezi. Msaidizi anapata 2,737, muuguzi anapata 3,485. Baada ya makato, kwa mtu asiye na mtoto kama binamu yangu, tofauti ni kama euro 400 kila mwezi. Hizo ni shilingi 60,000. Watu wawili, wodi moja, wanamgeuza mgonjwa mmoja kitandani, mmoja upande huu na mwingine upande ule.

Nilipoanza kusoma nilidhani nitakuta habari za Mjerumani kulipwa zaidi ya mgeni kwa kazi ileile. Hilo lipo, lakini si ndilo kubwa. Mwaka 2025 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofuatilia mishahara ya watu milioni 13.5 katika nchi tisa za Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwa Ujerumani, wahamiaji walikuwa wanapata asilimia 19.6 pungufu ya wenyeji. Lakini watafiti walipowalinganisha watu wanaofanya kazi ileile kwa mwajiri yuleyule, pengo lilishuka sana. Kwa jumla ya nchi hizo, robo tatu ya pengo lote ilitokana na wahamiaji kutofika kwenye kazi, kampuni na sekta zinazolipa vizuri. Kwa watoto wa wahamiaji, waliozaliwa kule na kusoma kule, pengo lilikuwa limepungua hadi wastani wa asilimia 5.7.

Kwa maneno mengine, anayekupunja si lazima awe bosi wako. Unaweza kulipwa kwa haki kabisa, senti kwa senti, kwenye kazi ambayo si yako.

Mwenyeji ana faida gani basi? Kijana wa Kijerumani anayetaka uuguzi hufanya Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka mitatu akiwa analipwa. Akimaliza ana karatasi ambayo kila mwajiri kutoka Hamburg hadi Munich anaijua. Anajua pia kuuliza kama hospitali hiyo inafuata mkataba wa vyama vya wafanyakazi, kwa sababu penye mkataba huo mshahara huwa juu ya kima cha chini. Ana mjomba aliyewahi kufanya kazi pale. Lugha hakuisoma kwa pesa. Mgeni anakuja na karatasi ambayo hakuna anayeijua mpaka itambuliwe rasmi, na hata wale wasio na kazi kabisa, kiwango chao miongoni mwa wageni ni zaidi ya mara mbili ya kile cha raia.

Kutambuliwa huko kunaitwa Anerkennung. Ukitoka na jambo moja tu kwenye makala haya, liwe neno hilo. Kwa muuguzi, mamlaka za jimbo hulinganisha masomo yako na yao, na kama kuna mapengo, unafanya mtihani au kipindi cha mazoezi. Pia unahitaji Kijerumani, kwa kawaida kiwango cha B2. Wakati huo wote unaweza kufanya kazi kama msaidizi na kulipwa kama msaidizi, jambo ambalo ni halali. Ila viza ya aina hiyo ina saa inayohesabu: miezi 24, na inaweza kuongezwa 12. Ikiisha kabla hujafaulu, una shida.

Binamu yangu aliondoka na B1. Ajenti alimwambia B2 ataipata kule kule, "lugha utaishika tu ukisikia watu wakiongea." Kumbe wazee anaowahudumia wanaongea lahaja ya Kiswabia ambayo hata Wajerumani wa kaskazini huikuna kichwa. Zamu za usiku zikamla. Darasa la lugha ni saa kumi na moja jioni, wakati anaoamka. Miezi ikapita kumi na minane.

Rafiki yangu wa chuo alifanya kinyume. Alikaa Nairobi miezi kumi na minne akisoma Kijerumani, tukimcheka kwamba atazeeka na vitabu, akauza pikipiki yake kulipa mtihani wa mwisho. Alituma karatasi zake zikaguliwe kabla hajakata tiketi. Alipofika alibakisha kipindi kifupi cha mazoezi tu. Sasa analipwa kama muuguzi kamili na hajafikisha mwaka. Si kwamba ana akili kuliko binamu yangu. Alichelewa kuondoka, basi.

Njia nyingine zipo. Ausbildung iko wazi kwa vijana wa Kenya pia, kama una cheti cha shule kinachokubalika na Kijerumani cha kutosha, na mafunzo ya uuguzi kwenye hospitali za umma hulipa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi tangu mwaka wa kwanza, kabla ya makato. Kuna Chancenkarte, kadi ya kusaka kazi iliyoanza Juni 2024, inayokuruhusu kwenda bila mkataba ukiwa na alama za kutosha. Ina sharti moja ambalo matangazo ya TikTok hulipita haraka: uonyeshe kwamba unaweza kujitunza. Mwaka 2025 hesabu ilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya euro 13,000, yaani karibu shilingi milioni mbili. Na ukiwa na kadi hiyo unaweza kufanya kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki huku ukitafuta kazi ya kudumu.

Njia ambayo kwa Mkenya wa kawaida haipo ni ile inayotangazwa zaidi: kazi ya usafi au ya ghala, bila cheti, bila lugha, "unaondoka baada ya wiki sita." Tarehe 13 Septemba 2024, Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz walishuhudia makubaliano ya kazi na uhamiaji yakitiwa saini mjini Berlin, na habari zikasambaa kwamba Wakenya wamepewa nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha waziwazi: makubaliano hayana idadi yoyote. Lakini ile namba ilishazaa ofisi. Nenda katikati ya jiji, panda ngorofa ya tatu ya jengo lolote, utakuta bango lenye bendera ya Ujerumani.

Hapo sasa tuongee pesa, maana hii ndiyo kazi yetu.

Ajenti wa binamu yangu alichukua shilingi 180,000, awamu tatu, zote kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Alipouliza risiti akaambiwa meseji ya simu inatosha. Kwa wauguzi, Ujerumani ina alama rasmi ya ubora kwa wanaoajiri kwa haki, inaitwa "Faire Anwerbung Pflege Deutschland", na kanuni yake ya msingi ni kwamba mwajiri ndiye hulipia gharama za kumtafuta muuguzi. Kwa hiyo muuguzi anayeombwa pesa ya "nafasi" anapaswa kuuliza swali moja: mwajiri wangu ana alama hiyo? Binamu hakujua kuna swali kama hilo.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, angalia jina linalotokea kwenye simu. Kampuni ina nambari ya Paybill au Till yenye jina lake. Ukiona jina la mtu, uliza kwa nini, na usikubali jibu la "huyo ni mhasibu wetu." Tafuta jina la wakala kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na kama ni wakala wa kweli hatakasirika ukimwambia unaangalia. Ada ya viza ya kazi ni euro 75, na hulipwa kwenye ombi lenyewe la viza. Haipitii kwa shangazi ya ajenti. Ada ya mtihani wa lugha hulipwa kwa taasisi inayotoa mtihani. Pesa za kujitunza huwekwa kwenye akaunti iliyo na jina lako wewe. PIN yako haihitajiki na ubalozi wowote duniani. Na ukishatuma, mtu akitoa pesa kwa wakala dakika tano baadaye, ombi la kurudisha muamala linakuwa gumu sana. Nasema hivi nikiwa nimekaa karibu na dawati la huduma kwa wateja, nasikia hizo simu.

Upande wa kutuma nyumbani nao una mtego wake. Tuseme bei ya soko ni shilingi 150 kwa euro. Huduma moja inasema "bila ada" lakini inakupa 144. Ukituma euro 300, nyumbani inafika 43,200. Nyingine inakutoza euro 3 na kukupa 149: inafika 44,253. Ile ya "bure" imekula shilingi 1,053 zaidi, na itazila kila mwezi. Umoja wa Mataifa unataka gharama ya kutuma pesa ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwa Afrika kusini mwa Sahara wastani bado ni karibu asilimia 8. Usiulize ada peke yake. Uliza: nikitoa euro 300, mama atapokea shilingi ngapi?

Kuna pesa nyingine ambayo watu huiacha njiani bila kujua. Mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya aliyechangia pensheni ya Ujerumani kwa chini ya miaka mitano, akarudi nyumbani moja kwa moja, kwa kawaida anaweza kuomba arudishiwe sehemu aliyokatwa yeye, baada ya kungoja miezi 24. Hati zako za mshahara usizitupe. Zipige picha, zitume kwa barua pepe yako.

Turudi kwa binamu. Wiki mbili zilizopita nilikaa na mama mdogo, ambaye ndiye hupokea zile euro 300. Nilikuwa na karatasi. Nilimwonyesha kwamba mwanawe akipunguza zamu ili ahudhurie darasa, hataweza kutuma zaidi ya 150 kwa miezi sita. Jumla ya pengo ni euro 900. Akifaulu B2 na mtihani wa uuguzi, mshahara utaongezeka kwa karibu 400 kila mwezi, kwa hiyo pengo litazibwa ndani ya miezi mitatu. Asipofaulu kabla ya viza kuisha, hakuna 150 wala 300.

Mama mdogo aliangalia karatasi muda mrefu. Karo ya mdogo wake inalipwa Mei. Akauliza kama hiyo 150 itafika mapema mwezini au mwisho. Nikamwambia mapema. Akasema basi ataongea na bwana shule walipe kwa awamu, na kuku wa mayai wataenda soko la Jumanne.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia Mjomba. Nilimwandikia kwenye kikundi, mbele ya watu wote, hesabu yote kuanzia ile 2,737 hadi ile inayobaki baada ya viatu. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu binamu alinitumia picha ya skrini: Mjomba alikuwa amempigia faragha, saa nane usiku saa za huku, akamkosa kwa sababu yuko zamu, akamwachia ujumbe wa maandishi.

"Mama, nimeondoa jina lako kwenye orodha ya harusi. Mtihani ni tarehe ngapi?"